Kamera ya Kwanza, Kamera ya Pili, Fagia

Ukitaka kuelewa kazi yangu, njoo Toi saa kumi na moja alfajiri siku beli linafunguliwa.

Robota limebanwa na mashine huko ng'ambo mpaka likawa gumu kama tofali. Mwenye kibanda anakata mkanda wa kwanza, anakata wa pili, na nguo zinavimba zenyewe kama mandazi kwenye mafuta. Wanunuzi wameshalizunguka. Hakuna anayeongea sana, mikono tu ndiyo inaingia. Dakika chache baadaye rundo moja limekuwa matatu. Kuna kamera ya kwanza: nguo safi, hazina doa, zingine bado zina lebo ya duka. Kuna kamera ya pili: ziko sawa, lakini kifungo kimoja hakipo. Halafu kuna fagia. Fagia ni ile iliyobaki baada ya watu wote kuchagua, inayomwagwa chini kwenye turubali na kuuzwa kwa bei ya soda.

Mathe ameuza pale tangu kabla sijazaliwa, kwa hivyo neno "kamera" nililijua kama neno la nguo miaka mingi kabla sijashika kamera yenyewe. Nilipoacha chuo mwaka wa pili (karo ilikataa, tusizungushe maneno), nikaanza kubebea jamaa fulani wa video waya na stendi kwenye harusi. Nikapanda hadi kameramani. Halafu siku moja dairekta hakutokea, nikaambiwa nikae kwenye laptopu nichague. Nikachagua. Ndiyo kazi niliyo nayo mpaka leo.

Dairekta wa laivu hagusi kamera. (Watangazaji wa habari wanasema "mubashara". Sisi mtaani ni laivu.) Mbele yake ana skrini iliyogawanywa vipande: kamera ya kwanza, ya pili, ya tatu, na pembeni kipande kikubwa cha picha inayotoka, yaani ile ambayo watu nyumbani wanaiona. Kichwani ana hedseti. Anasema "redi mbili", kameramani wa pili anaacha kuchezacheza na kushikilia picha yake. Anasema "teki mbili", anabonyeza, na dunia nzima imehamia kwa kamera ya pili. Harusi ya kawaida ya saa nne unaweza kufanya hivyo mara mamia.

Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia mapema ni kwamba ukiangalia picha inayotoka, umechelewa. Hiyo imeshaisha. Macho yako yanatakiwa kuwa kwenye zile ambazo hazijachaguliwa, kwa sababu ndipo picha inayofuata ilipo. Na kila ukichukua moja, umeziacha zingine mbili. Mtazamaji hatajua zilikuwepo. Kwake yeye, kilichotokea ni kile ulichobonyeza.

Hii kazi ni ya zamani kuliko Kenya. Tarehe 12 Mei 1937, BBC walirusha msafara wa kutawazwa kwa Mfalme George VI kutoka kona moja ya London, Hyde Park Corner, kwa kamera tatu. Tatu, kama sisi na harusi zetu. Mwaka 1953, alipotawazwa Elizabeth, aliyepata umalkia akiwa hapa kwetu Aberdare mwaka mmoja kabla, kamera zilikuwa zimepita 20, na zingine ziliruhusiwa kuingia ndani ya kanisa. Wakubwa waliogopa picha za karibu za uso wake. Dairekta wao, Peter Dimmock, baadaye alisimulia kwamba kwenye jaribio aliwaonyesha lenzi pana, kila mtu akaonekana mdogo na wa heshima, wakatulia. Siku yenyewe akaweka lenzi ya kuvuta. Mamilioni waliuona uso wa yule msichana chini ya taji zito kwa sababu mtu mmoja aliamua kudanganya kidogo. Juni hiyo hapa kwetu ilikuwa Hali ya Hatari, na Kenyatta alikuwa ameshahukumiwa Kapenguria.

Napita mbio, lakini kuna Desemba moja siwezi kuiruka. Tarehe 7 Desemba 1963, kwenye mechi ya jeshi la nchi kavu na la wanamaji huko Philadelphia, dairekta anayeitwa Tony Verna alirudia tukio mara baada ya kutokea, kwa mashine ya kanda kubwa kama kabati. Ilikuwa mara ya kwanza. Mtangazaji ilibidi awaeleze watu kwa haraka kwamba timu haijafunga tena, ni lile lile wanaliona mara ya pili. Watu walikuwa wanaamini kwamba kilicho kwenye skrini kinatokea sasa. Tangu siku hiyo hawakuweza tena kuwa na uhakika huo.

Siku tano baadaye, usiku wa kuamkia 12 Desemba, Kenya ikapata uhuru pale Uhuru Gardens, kando ya Barabara ya Lang'ata. Kutoka Toi unaweza kutembea ukafika. Saa sita usiku taa zilizimwa. Bendera ya Uingereza ikateremshwa gizani, na taa zilipowashwa ya Kenya ilikuwa inapanda. Siku hizi nikiona filamu za usiku ule siachi kufikiria huyo aliyezima taa. Kwa lugha yetu ya hedseti, alisema "kata". Kulikuwa na picha moja ambayo dola ya Kiingereza haikutaka iwepo, na haikuwepo. Watu walioshuhudia walikuwa maelfu, wote mbele ya nguzo ile, na hakuna aliyeiona vizuri bendera ikishuka.

Televisheni yetu yenyewe ilikuwa na mwaka mmoja tu, ilianza 1962. Mwaka 1964 serikali ikalichukua shirika na kuliita Sauti ya Kenya, jina lililokaa mpaka 1989, na mwaka uliofuata KTN ikaja kuvunja upweke. Nimekesha usiku mwingi mtandaoni nikiangalia kanda za sikukuu za taifa za miaka hiyo, si kwa uzalendo, ni ugonjwa wa kazi. Mpangilio ni ule ule karibu kila mara. Rais anapigwa karibu. Mawaziri nusu karibu. Wananchi wanapigwa kwa mbali sana, shamba la vichwa, na wakija karibu ni wacheza ngoma. Sisemi kulikuwa na amri iliyoandikwa. Dairekta aliyetaka kurudi kazini Jumatatu hakuhitaji amri.

Ndiyo maana napenda sana picha za 30 Desemba 2002. Nilikuwa na miaka mitatu, kwa hivyo nimezijua kwa YouTube kama wenzangu wengi. Kibaki anaapishwa Uhuru Park, yuko kwenye kiti cha magurudumu, mguu una plasta kwa sababu ya ajali ya mapema mwezi huo. Mamia ya maelfu wamejaa mpaka juu ya miti. Moi anazomewa mchana kweupe. Ukitazama kama dairekta unaona kitu cha ajabu: picha ya karibu imeshindwa. Haina nguvu. Kila ukienda kwa uso wa mkubwa yeyote, unatamani kurudi kwa picha pana, kwa sababu habari yenyewe iko kule kwa watu. Siku ile umati ulikuwa kamera ya kwanza.

Halafu geuza kurasa miaka mitano kamili. 30 Desemba 2007. Ukumbi wa KICC umejaa vurugu ya hesabu za kura, kamera za kila kituo zimewashwa. Mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, anaondolewa pale, anaingizwa chumba kidogo na KBC peke yao, na huko ndiko anakosoma matokeo. Muda mfupi tu baadaye, jua likizama, Kibaki anaapishwa kwenye nyasi za Ikulu mbele ya watu wachache walioalikwa. Jioni hiyo hiyo Wizara ya Usalama wa Ndani ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Linganisha hizo siku mbili, mtu yule yule, tarehe ile ile. Ya kwanza huwezi kuibana ikaingia kwenye picha ya karibu. Ya pili, hata ungekuwa na kamera hamsini, haikuwa na picha pana ya kuchukua.

Picha pana ilikuwa kwetu. Siku hizo Soko la Toi liliporwa na kuchomwa. Nilikuwa na miaka minane. Sikumbuki tivii yetu ilikuwa inaonyesha nini, nakumbuka tu kwamba haikuonyesha moshi, na moshi tulikuwa tunauona kwa dirisha. Mathe alikuwa anaangalia huku na huku, dirisha, tivii, dirisha, kama mtu anayetaka hivyo vitu viwili vikubaliane. Kibanda chake kiliisha chote, pamoja na beli mbili alizokuwa amenunua kwa mkopo wa Krismasi. Baadaye picha za soko zilionyeshwa, ndiyo, majivu kutoka mbali na mabati yaliyojikunja. Wenye soko walilijenga tena wenyewe. Na huo haukuwa moto wa mwisho pale.

Kibera imepigwa picha kuliko mitaa mingi ya dunia hii. Unajua ile picha: mabati ya kahawia kutoka juu, reli katikati, mtoto anavuka. Mwaka 2010 vijana wa mtaa walianzisha Kibera News Network, wakiwa na kamera ndogo za mkononi na YouTube, wakasema tutapiga wenyewe. Ilikuwa kitu kikubwa kuliko tulivyodhani wakati huo. Haikuwa laivu, lakini ilifundisha kizazi changu kwamba mtu wa hapa anaweza kuwa nyuma ya kamera na si mbele yake tu.

Laivu ilitujia baadaye, na ilikuja kwa bei. Zamani kuchagua kati ya kamera tatu kulitaka gari zima la matangazo, lenye antena juu na mafundi ndani. Halafu ikaja OBS, programu ya bure kabisa, unaiweka kwenye laptopu. Septemba 2019 Blackmagic wakatoa kisanduku kidogo cha kuchagulia kinachoingia kwenye mfuko wa koti, dola 295. Sasa lile gari linabebwa kwa bodaboda.

Na serikali iliona mapema kwamba mambo yamebadilika. Tarehe 30 Januari 2018, Raila alipokula kiapo chake Uhuru Park, NTV, KTN na Citizen zilizimwa. Nilikuwa ndiyo nimemaliza fomu fo, tumekaa kibandani kwa mathe watu saba kwenye simu moja, tukaona kiapo chote mtandaoni. Mahakama Kuu iliamuru tarehe 1 Februari vituo virudishwe, lakini viliendelea kukaa gizani siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025, mwaka mmoja baada ya vijana kuingia Bunge, tukarudia filamu ile ile: Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, mitambo ya baadhi yao ikazimwa, na siku hiyo hiyo Mahakama Kuu ikasimamisha agizo.

Hizo hadithi tunazipenda, mimi nikiwa wa kwanza. Tunazisimulia kwenye kahawa. Zina mtu mbaya, zina swichi, na sisi tuko upande mzuri wa swichi. Lakini kuna hadithi nyingine ya swichi ambayo sijawahi kuisimulia kahawani.

Machi 2020 korona ilifika. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, huwezi kuingia wala kutoka. Mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15. Hebu fikiria Mkenya, ambaye kwake mazishi bila tenti tatu na sufuria za mgongo mweusi si mazishi, anaambiwa chagua watu kumi na watano. Harusi zilikuwa zimekufa zote, na sisi watu wa video tulikuwa tunakaribia kuzifuata. Tukaanza kurusha mazishi. Nadhani ndipo watu wengi wa mtaa walipoelewa kwa mara ya kwanza kazi yetu ni ya nini.

Mwezi wa Juni alifariki mzee mmoja aliyeuza viatu Toi. Hakufa kwa korona, alikuwa na sukari kwa miaka. Kwa kuwa kwao kulikuwa nje ya mpaka uliofungwa, familia ikaamua azikwe makaburi ya Lang'ata. Mama na ndugu zake wangetazama huko ushago kwenye simu ya jirani. Mdogo wake alikuwa Doha, anafanya kazi ya ulinzi. Tulienda vijana watatu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, laptopu magotini, kofia ya hedseti juu ya kofia ya jua. Kamera ya kwanza picha pana ya kaburi. Kamera ya pili karibu, kwa familia. Kamera ya tatu ilikuwa simu inayotembea, inaniletea picha kwa waifai. Haikuwa inahifadhi kitu, inatuma tu.

Sanduku lilipoanza kushuka, mjane alianguka kwa magoti. Kameramani wa pili alikuwa mzuri mno, alimfuata mpaka chini bila picha kutikisika. Nikasema redi mbili, teki mbili. Nikakaa hapo. Kwa kazi yetu sekunde tano kwenye uso ni nyingi. Nilikaa zaidi ya kumi. Nilijua ni picha nzuri, na nilikuwa na miaka 21, nilitaka mtu aseme huyu kijana anaweza.

Kulikuwa na jamaa pale kaburini amempigia yule ndugu wa Doha simu ya kawaida, kusudi asikie pia nyimbo. Sauti ya simu inafika papo hapo. Picha ya Facebook ilikuwa inachelewa karibu nusu dakika. Kwa hivyo yule mtu alisikia yowe la shemeji yake huku kwenye skrini bado wanaimba, wamesimama vizuri, barakoa usoni. Alikaa nusu dakika anaangalia watu ambao hawajaanguka, akijua. Alituambia baadaye kwamba hiyo nusu dakika ndiyo mazishi aliyohudhuria.

Usiku huo mtu alirekodi zile sekunde zangu kutoka kwa simu yake, akaweka wimbo wa huzuni, zikazunguka WhatsApp za soko. Niliogopa kupita kibanda cha viatu. Nilikuwa natokea upande wa Makina na kuzunguka mbali kama mwenye deni.

Baada ya wiki tatu hivi mathe alinishika mkono, akanipeleka mwenyewe. Nilibeba flashi yenye video yote nzima, kama zawadi, kama kinga. Mjane alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu, anapaka rangi soli ya kiatu cha shule. Nikamwamkia, nikaanza maombi ya msamaha niliyoyapanga usiku kucha: pole mama, sikufaa kukuonyesha vile, ilikuwa makosa yangu.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Kijana wangu, kulia nililia. Nani hajui mjane hulia? Mimi nakuuliza kitu kingine. Hawa wengine wako wapi?"

Sikuelewa. Akaeleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto wa jirani. Siku ile watu wa soko walikuja. Walifunga vibanda siku ya biashara, katika miezi ambayo biashara ilikuwa imelala. Hawakuruhusiwa kusogea, kwa sababu watu 15 walishatimia, basi wakasimama mbali kando ya njia ya magari, wameachana kwa nafasi kama walivyoagizwa, mpaka kaburi likafukiwa. Mama mkwe wake huko ushago alitazama video mwanzo hadi mwisho na kuuliza, mwanangu alikaa Nairobi miaka thelathini, akazikwa na watu kumi na watano tu? Aliishi vibaya na watu? Alimkosea nani?

Na mimi niliwaona. Hilo ndilo sikumwambia mathe njiani tukirudi. Kamera ya tatu ilikuwa imewapata, mstari mrefu wa watu kwenye jua, kofia zimevuliwa, na kijana wetu akaniambia kwenye hedseti, "Bro, angalia tatu." Niliangalia. Nikaona ni picha pana, iko mbali, imepauka kwa sababu ya jua, watu hawana sura. Nikairuka, nikabaki mbili. Ile simu haikuhifadhi chochote.

Nilimwambia mjane kwamba sina. Nikamwambia ukweli, kwamba ilikuwepo na sikuichukua.

Akaweka kiatu chini. Akaanza kuwahesabu kwa vidole, mmoja mmoja, kwa vile wanavyojulikana pale: wa mapazia, wa jinzi, yule mrefu wa mabegi, wale dada wawili wa nguo za watoto, wa sidiria, fundi wa zipu, mzee wa chai, kijana anayebeba mabeli, mathe wako. Nilikuwa nimesimama na flashi mkononi. Alipofika vidole vya mkono wa pili akakwama, akaita kibanda cha jirani, "Hebu nikumbushe, nani mwingine alikuwa?" Na kutoka nyuma ya nguo zilizoning'inia sauti ikaanza kuongeza majina.